DiRT Rally 2.0 na Barabara Inayokumbuka Waliopita

Mtaro wenyewe haukuzidi upana wa tairi. Ulikuwa ndani ya kona ya kulia, katika milima ya Catamarca, Argentina, na mimi nilikuwa ndani ya Lancia Stratos nikijiona dereva. Gurudumu la mbele likadumbukia humo, usukani ukanivuta mikono kwa nguvu nisiyoitarajia, nami nikafanya kosa ambalo halifanywi kwenye gari lenye injini nyuma ya kiti: nikaachia mafuta ghafla. Mkia ukaja mbele kunitazama. Nikafumba macho, kweli kabisa, mtu mzima mbele ya kioo cha kompyuta. Nilipoyafumbua gari lilikuwa limelalia jiwe, na mwelekezi wangu, yule anayenisomea kona zinazokuja, amenyamaza kimya cha mtu anayejizuia kusema.

Kugonga jiwe si habari. Katika gemu la kwanza, DiRT Rally, nimegonga mawe mengi kuliko yaliyobaki. Kilichonishangaza ni kwamba mtaro ule haukuchorwa na msanifu yeyote ukawekwa pale unisubiri. Ulichimbwa na magari yaliyonitangulia siku ile. Ningeanza mapema, mtaro ungekuwa haujakomaa. Usiku huo nilizima mashine nikiwa nimekasirika, na kesho yake nikajikuta nafikiria kona ile kazini, namna mtu anavyofikiria maneno aliyoambiwa na asiyajibu.

Tangu DiRT Rally 2.0, gemu la kompyuta la mbio za rally, itoke, tarehe 26 Februari 2019, nimekuwa nikiulizwa na wenzangu wa usukani swali lilelile: je, limelipita lile la kwanza? Na kwa muda mrefu nilikuwa najibu haraka, bila hata kumeza mate, kwamba halijalipita. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nilisema, na hapa maji yameonekana. Leo jibu langu limebadilika, ila si kwa njia ambayo itawafurahisha waliokuwa upande wa pili wa ubishi.

Nianze na lile la kwanza, kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini watu wanaligombania.

Codemasters, kampuni ya Uingereza, ilijenga jina lake kwenye rally kwa gemu la Colin McRae Rally la mwaka 1998. Waliokuwa watoto wakati huo wanalikumbuka kama wanavyokumbuka redio ya nyumbani. Kisha mfululizo ukabadili jina ukawa DiRT mwaka 2007, na kila toleo lilivyokuja, rally yenyewe ikawa inasogezwa pembeni kidogo kidogo ili kupisha mambo ya maonyesho: kuzungusha gari kuzunguka nguzo, kuruka, fataki, makelele. Ilipofika DiRT Showdown ya 2012 wengi wetu tulishakata tamaa. Halafu tarehe 27 Aprili 2015, bila tarumbeta, likawekwa Steam, duka la magemu la mtandaoni, gemu ambalo halijaiva, lina nchi tatu tu: Wales, Ugiriki na Monte Carlo. Liliitwa DiRT Rally. Hakuna kitufe cha kurudisha muda nyuma. Hakuna mstari wa rangi unaokuonyesha pa kupita. Kuna wewe, gari, na sauti inayokusomea noti, yaani maelezo ya kona zinazokuja. Ukianguka bondeni, umeanguka.

Tulilinunua likiwa bichi, na tukaliona likipikwa. Mwezi baada ya mwezi likaongezewa: mlima wa Pikes Peak, Ujerumani, viwanja vya rallycross (mbio za magari kuzunguka uwanja mmoja), Finland, Sweden. Toleo kamili likatoka tarehe 7 Desemba 2015, na konsoli zikapata lao Aprili 2016. Kwa hiyo mapenzi ya watu kwa gemu lile yana kitu cha ziada ambacho gemu la pili halikuweza kuwa nacho hata lingekuja na dhahabu: tuliona ugali ukisongwa. La pili lilikuja limepakuliwa tayari, na bei yake juu. Ninasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba sehemu kubwa ya hukumu tulizotoa mwaka 2019, yangu ikiwemo, ilikuwa hukumu ya jinsi tulivyolipokea gemu lile. Gemu lenyewe lilikuwa bado halijasikilizwa.

Nilipoamua kulipa nafasi ya pili, nilitaka kipimo kisichoonea upande wowote. Bahati nzuri kipo. Katika msimu wa pili wa nyongeza zake zilizouzwa baadaye, 2.0 iliirudisha Ugiriki, nyanda za mawe za Argolis, barabara zilezile zilizokuwa katika gemu la kwanza. Na Lancia Stratos ipo katika magemu yote mawili. Basi nikachukua gari moja, mkondo mmoja (kipande cha barabara kinachopimwa kwa muda), Anodou Farmakas, unaopanda mlima kwa karibu kilomita 10, nikauendesha huku, nikauendesha kule, jioni kwa jioni, kwa wiki mbili hivi. Nilikuwa naandika kwenye daftari. Mdogo wangu alikuja siku moja, akaona daftari, akaniuliza, "Kaka, huu ni mchezo au mtihani?" Sikuwa na jibu.

Stratos nimeichagua kwa sababu haifichi kitu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni kama mita 2.18 tu, injini yake ya V6 ya lita 2.4 iliyotoka kwa Ferrari imekaa mgongoni kwako, na tabia yake ni ya kitu kinachotaka kugeuka muda wote, hata usipokiomba. Iliipatia Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Ni gari la ushindi, lakini ili uliamini unapaswa kwanza kuliogopa. Gemu likikosea uzito, gemu likikosea mshiko wa tairi, Stratos italisema.

Katika gemu la kwanza, Stratos inageuka kama dira. Naweza kuieleza hivyo tu: kuna sindano imechomwa katikati ya gari, chini ya kiti, na gari zima linazunguka sindano hiyo. Ukishaujua mzunguko wake ni utamu mtupu. Unaitupa kona kabla haijafika, unakamatia kwa usukani wa kinyume, unakanyaga mafuta, inatoka. Nilikuwa nikiifanya hivyo Anodou Farmakas nikiwa nimefumba jicho moja, nikisifu uhalisia. Mpaka nilipohamia 2.0 barabara ileile, na jaribio la kwanza tu nikaona kwamba ile sindano haipo. Gari lina pembe nne, na kila pembe ina mzigo wake. Ukifunga breki, pua inakwenda chini kwanza, unasubiri, ndipo tairi za mbele zinauma. Usiposubiri hazikusikilizi. Mkia nao haurukii nje mara moja. Unaanza kusogea, unakuonya, halafu unakwenda. Kwangu onyo lile ndilo tofauti kubwa ya mwendo kati ya magemu haya. Lile la kwanza lilikuwa linaadhibu. Hili linatishia kwanza.

Sasa, sikuliona hilo mwaka 2019. Na sababu moja ni usukani. Gemu lilipotoka, usukani wangu wa kuunganisha na kompyuta ulikuwa kama umefungwa kwenye ndoo ya uji. Nguvu inayorudi mikononi ilikuwa nyepesi, na barabara ya changarawe ilisikika kama zulia. Nilirekebisha kila kitelezi kilichokuwepo. Baadaye viraka, yaani marekebisho ya programu, vikaja, mambo yakanyooka, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka nikiwa na maneno yangu mdomoni. Kwa haki, hata lile la kwanza halikuwa mfalme hapa: lilikueleza vizuri uzito wa gari umehamia wapi, ila juu ya jiwe ulilolikanyaga lilikuwa bubu. Anayetaka mikono yake izungumze na barabara bado ataelekezwa Richard Burns Rally ya mwaka 2004, gemu la zamani kiasi hicho, ambalo wapenzi wake wameendelea kulitengeneza wenyewe miaka yote hii. Mimi hulifungua mara moja moja, hunipiga, nalifunga.

Kwenye lami sitamtetea mtu. Lami ya gemu la kwanza ilikuwa ya kuvumilia. Lami ya 2.0, pale Hispania, ilinipa hisia kwamba gari linaelea kidogo juu ya barabara, hasa magari ya kisasa, na hisia hiyo haijawahi kunitoka. Kama rally kwako ni lami, unaweza kuacha kusoma hapa ukaenda zako, huna cha kukosa.

Lakini rally kwangu ni vumbi. Na hapo ndipo ule mtaro unarudi.

Katika rally ya kweli, barabara si uwanja. Gari la kwanza kupita kwenye changarawe kavu linafanya kazi ya ufagio: linasukuma kokoto zilizolegea kando, linapata mshiko mbaya, na wanaofuata wanafurahia njia iliyosafishwa. Ndiyo maana katika ubingwa wa dunia anayeongoza msimamo hufungua barabara siku ya kwanza, na ndiyo maana mabingwa hulalamika hadi mwisho wa msimu kwamba wanaadhibiwa kwa kushinda. Lakini usafi nao una mwisho wake. Magari yakiendelea kupita, tairi zinachimba, mitaro inazama, mawe yaliyokuwa yamelala chini yanafukuliwa na kukaa juu yakisubiri tangi la mafuta la mtu. Kwenye lami ni kinyume: wa mbele anapata barabara safi, kisha wanaokata kona wanaburuta tope na kokoto kutoka pembeni na kuziacha katikati, na wa nyuma anaendesha juu ya uchafu wa wenzake.

Gemu la kwanza halikujua lolote kati ya haya. Barabara yake ilikuwa ileile kwa kila aliyepita, wa kwanza au wa mwisho, leo au mwakani. Nikikumbuka sasa, naona ndiyo sababu niliweza kufumba jicho moja. Nilikuwa nimekariri. Kila eneo lilikuwa na mikondo 12, lakini ukichunguza utakuta ni njia mbili ndefu zilizokatwa vipande na kugeuzwa mbele nyuma, na baada ya miezi michache hapakuwa na kona ambayo sikuijua kwa jina la kupanga. Kuna jiwe Argolis nililiita Mjomba, kwa sababu kila ukimpitia lazima akubakize. Mwelekezi alikuwa anasoma noti, nami nilikuwa natangulia kujibu kabla hajamaliza, kama mtoto wa madrasa aliyeshika sura nzima.

2.0 haikuongeza njia. Mpangilio ni uleule, njia mbili ndefu kwa kila eneo, vipande na mageuzo. Walioilaumu kwa hilo walikuwa na haki. Ila iliipa barabara kumbukumbu. Namba yako ya kuanza inaamua utakuta nini. Ukianza mapema unakuta changarawe imetandazwa laini, inateleza kama mtama uliomwagwa sakafuni. Ukianza nyuma unakuta mistari miwili iliyochimbwa, na ndani ya kona mistari hiyo inakuwa makorongo yanayotaka kuchagua njia kwa niaba yako. Mkondo niliokuwa naujua kwa moyo ukageuka mgeni. Noti ni zilezile, kona ni zilezile, na Mjomba yupo palepale, lakini namna ya kumfikia imebadilika. Nikaanza kufanya kitu ambacho katika gemu la kwanza sikuwahi kukifanya kwa miaka minne: kutazama ardhi.

Na ukishaanza kutazama ardhi, mambo mengine yaliyoongezwa yanapata maana. Uchaguzi wa tairi, kwa mfano. Mwanzoni niliuona kama pambo: laini, za kati, ngumu, chagua uende. Lakini tairi laini katika mawe ya Argolis huisha kabla mikondo haijaisha, na hakuna fundi wa kukuokoa katikati. Jioni moja nilimaliza mkondo wa pili nikiwa nimeongoza kwa sekunde nyingi kiasi cha kujipigia makofi. Mkondo wa tatu nikajikuta naendesha juu ya sabuni, na uongozi wote ukayeyuka pole pole mbele ya macho yangu, sekunde moja hapa, mbili pale, bila kosa hata moja ambalo ningeweza kulinyooshea kidole. Kosa lilikuwa saa nzima nyuma, kwenye meza ya huduma, nilipochagua kwa tamaa. Gemu la kwanza halikuwahi kunifundisha aina hiyo ya kushindwa.

Kuhusu mwelekezi, hapa nitakuwa peke yangu na najua hivyo. Katika gemu la kwanza sauti ya Kiingereza ilikuwa ya Paul Coleman, mmoja wa waliolisanifu gemu lenyewe. 2.0 ikamleta Phil Mills, mtu wa Wales aliyekuwa mwelekezi wa dereva Petter Solberg na akatwaa naye ubingwa wa dunia mwaka 2003 katika Subaru. Karatasini hakuna mjadala: bingwa wa dunia anakusomea noti sebuleni kwako. Na anasoma kama bingwa, bila pupa, sauti imetulia hata gari likiwa hewani. Tatizo langu ni kwamba Coleman alikuwa na wasiwasi kidogo katika sauti yake, na wasiwasi ule ulikuwa unanipandisha mori. Ukimsikia anaongeza kasi ya kusoma, ulijua kuna jambo. Mills angekusomea habari za kiama kwa sauti ileile. Naelewa kwamba dereva wa kweli angemchagua Mills bila kufikiri. Mimi si dereva wa kweli.

(Mdogo wangu aliwahi kujaribu kuichukua kazi hiyo. Tulizima sauti, akashika daftari langu la noti, akawa anasoma: "Kushoto nne, mia, kulia mbili, usikate, usikate, nimesema usikate!" Katika mfumo huu namba moja ni kona kali kabisa na sita ni kona ya kupinda kidogo tu, lakini yeye alikuwa amezigeuza kichwani, sita kwake ndiyo hatari. Tulimaliza mita mia nne hivi. Zilikuwa mita bora za mwaka ule.)

Sasa nifike kwenye kilichopotea, maana kipo, na waliokuwa wakilia hawakuwa wakilia bure.

Pikes Peak haipo katika 2.0. Kwa asiyejua: ni mlima wa Colorado, Marekani, na mbio zake ni za kupanda tu, kilomita 19.99, kona 156, kuanzia mita 2,862 juu ya usawa wa bahari hadi mita 4,302. Barabara ya kweli imeshawekwa lami yote, na mwaka 2013 dereva Sébastien Loeb aliupanda kwa Peugeot 208 T16 kwa dakika 8 sekunde 13.878. Gemu la kwanza lilikuwa na mlima huo, tena lilikuwa nao pia katika hali yake ya zamani ya vumbi, na lilikuwa na ile Peugeot. Hakuna kitu katika 2.0 kinachofanana na kukaa ndani ya gari lile, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hewa tupu, ukijua kwamba kizuizi cha pembeni hakipo kwa sababu hata kwenye mlima wenyewe sehemu kubwa hakipo. Badala yake tulipewa viwanja vingi zaidi vya rallycross, vinane mwanzoni badala ya vitatu, na vingine baadaye hadi Killarney ya Cape Town. Rallycross nimeicheza, inafurahisha, sina zaidi ya hapo.

Pili ni biashara. 2.0 ilitoka na maeneo sita mapya: Argentina, Australia, New Zealand, Poland, Hispania na New England ya Marekani. Vizuri. Kisha zikaanza kuuzwa nyongeza za msimu, na katika hizo zikarudi Monte Carlo, Sweden na Ujerumani, halafu Wales, Finland na Ugiriki. Yaani maeneo yote sita ya rally ya gemu la kwanza, yaliyopakwa upya, kwa fedha. Ni kama fundi aliyekushonea suti akurudie mwaka unaofuata akuuzie mikono ya ileile. Ndiyo, barabara zilikuwa zimetiwa ule uhai wa kuchimbika ambao nimeusifu hadi sasa, na bila nyongeza hizo nisingepata kipimo changu cha Argolis. Nilinunua. Nililalamika nikiwa nalipa, na nikalipa. Scotland, iliyokuja mwaka 2020 katika kifurushi cha kumkumbuka Colin McRae, miaka 25 baada ya ubingwa wake wa 1995, angalau ilikuwa mpya, na misitu yake yenye tope ni kati ya sehemu nzuri kabisa za gemu zima.

Tatu ndilo lililonikera zaidi na bado linanikera. Sehemu kuu ya 2.0, ile ya kuwa na timu yako, kuajiri mafundi, kununua magari na kupanda madaraja, inataka intaneti muda wote. Unacheza peke yako, unashindana na nyakati za kompyuta, lakini hesabu ya gereji yako imehifadhiwa kwenye seva ya watu. Intaneti ikikatika, gari ulilolinunua kwa jasho la mikondo 50 halikufahamu. Gemu la kwanza halikuwa na masharti hayo. Magari yako yalikuwa ndani ya mashine yako. Siku hizi hili limekuwa jambo la kawaida hadi watu wanaona aibu kulilalamikia. Mimi sioni aibu. Seva zote huzimwa siku moja, na siku hiyo kazi ya gereji yangu itakuwa hadithi nitakayowasimulia watu wasioweza kuiona.

Wapo watakaoniambia mjadala huu umechelewa, kwamba Codemasters ilinunuliwa na EA, kampuni kubwa ya magemu ya Marekani, mwaka 2021, kwamba tarehe 3 Novemba 2023 ilitoka EA Sports WRC yenye leseni ya ubingwa wa dunia, yenye Safari Rally ya Kenya ndani yake na mikondo inayozidi kilomita 30. Najua. Ninalo. Nimeendesha mkondo wake wa Soysambu, Kenya, na mdomo wazi. Lakini hilo lilijengwa juu ya mtambo mwingine kabisa wa programu, likaja na kukwamakwama kwake kwa picha, na mwaka 2025 kampuni ikatangaza kwamba haitaliendeleza tena. Ni hadithi yake yenyewe. Mtu akiniuliza kama mjukuu amempita babu, nitamjibu siku nyingine. Leo nimeulizwa kuhusu mtoto na baba.

Basi hivi ndivyo nilivyojibu mara ya mwisho nilipoulizwa, na aliyeuliza alitaka neno moja nikamnyima. Gari limeboreshwa, si kwa hatua kubwa kama walivyotangaza. Barabara imeboreshwa kiasi kwamba nikirudi katika gemu la kwanza naona kama naendesha juu ya picha. Lami imebaki nyuma. Na mkataba kati yangu na gemu, nani anamiliki nini, umeharibika. Ukinibana sana nitakwambia 2.0 ni rally bora zaidi, na lile la kwanza ni kitu bora zaidi cha kuwa nacho.

Juma lililopita mashine yangu ilikataa kuingiza sasisho kwa sababu haina nafasi, ikanitaka nifute kitu. Nikayatazama yote mawili kwenye orodha, moja juu ya lingine. Nikafuta picha za harusi za watu ambao hata sikumbuki nilizipataje, na programu mbili za kazini nilizokuwa sizitumii. Bado haikutosha. Jioni ileile intaneti ikakatika, 2.0 ikafunguka hadi pale penye timu yangu ikaniambia haiwezi kuunganishwa, nami nikarudi nyuma nikafungua lile la kwanza. Argolis, Stratos, jua kali. Coleman akaanza kuhesabu. Nilipofika kwa Mjomba nilikuwa bado natafuta mitaro kwa macho, mitaro ambayo haipo na haitakuwepo katika gemu lile, nikachelewa kugeuza, na akanibakiza kama kawaida yake.